EURAXESS kwa mtafuta postdoki wa huku kwetu: mapitio ya mtumiaji

Ukimaliza uzamivu (PhD) kwenye sayansi au uhandisi na kuanza kuuliza pa kupata postdoki, yaani kazi ya utafiti ya muda kwa mwenye uzamivu, jina la kwanza utakalotajiwa ni EURAXESS, tovuti ya kazi za utafiti Ulaya. Kila mtu analitaja, ila wanaoeleza namna ya kuitumia ni wachache. Mimi nimeitumia sana nikiwa Arusha, tena kwa kifurushi cha usiku, na hadi leo naifungua wadogo zangu wa maabara wanaponiomba msaada. Hukumu yangu naitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nayo: kama ubao wa matangazo ya kazi, ni ya wastani. Kama njia ya kujua fedha za utafiti Ulaya ziko mikononi mwa nani, sijaona ya bure inayoishinda.

Mimi ni mhandisi wa maji. Uzamivu nimefanyia Tengeru, kuhusu kuondoa floraidi kwenye maji ya visima. Mtu wa Arusha au Meru hahitaji maelezo hapo, meno ya kahawia yanayoletwa na floraidi anayaona kila siku mtaani. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na tuna visima vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kitu mahususi: maabara inayotengeneza nyenzo za kunyonya uchafu majini au utando wa kuchujia, na yenye fedha ya kumwajiri mtu ambaye tayari ana PhD.

EURAXESS ni ya Tume ya Ulaya. Ilianza 2003 kwa jina jingine, hili la sasa ikalipata 2008, na inahusisha nchi zaidi ya 40. Kusoma matangazo hakuhitaji akaunti wala senti. Nchi hizo zina vituo vya huduma vinavyosaidia mtafiti mgeni mambo ya viza, nyumba na bima, navyo ni bure. Hilo watu wengi hawalijui, wanakuja kulipia mtu wa kati jambo ambalo kituo kingewaeleza kwa barua pepe.

Sasa tuingie kwenye utafutaji wenyewe. Neno moja halitoshi. Mimi nikiandika floraidi kwa Kiingereza naletewa watu wa meno na watu wa betri, maana kuna wanaotengeneza betri za ioni za floraidi. Kilichonisaidia ni kuacha neno na kuanza na kichujio cha ngazi ya mtafiti. Wao wamegawa watafiti kwa alama nne: R1 ni anayeanza, ambaye hajapata uzamivu, R2 ni mwenye uzamivu ambaye bado hajasimama mwenyewe, R3 na R4 ni wakubwa. Postdoki yuko R2. Weka R2 kwanza, halafu fani, halafu ndiyo uanze kucheza na maneno.

Kuna jambo hapa linawapotezea muda watu wengi, na nimeliona kwa vijana kadhaa waliokuja kwangu na barua nzuri kabisa. Matangazo yanayovutia kuliko yote pale, yenye mshahara mnono na safari za nchi mbili tatu, mengi ni ya mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili watafiti. Hayo ni ya wasio na PhD. Ukishakuwa nayo hustahili, hata kama mada ni yako neno kwa neno. Tangazo lenyewe linasema, lakini linasema chini kabisa, baada ya kurasa za kusifia mradi.

Jingine ni kwamba matangazo yanaandikwa na waajiri wenyewe, kila mmoja kwa mtindo wake. Mjerumani atakuambia daraja la mshahara, E13, na kukuachia kazi ya kutafuta jedwali. Mreno atakuwekea tangazo linalosomeka kama Gazeti la Serikali, vifungu vya sheria vimetangulia, kazi yenyewe iko aya ya sita. Mwitaliano anaweza kukupa muda mfupi kiasi kwamba ukiliona Jumatatu, Ijumaa limefungwa. Na yapo matangazo ambayo ukisoma sifa zinazotakiwa unamwona kabisa mtu aliyekwisha kukaa kwenye kiti: awe amefanya kazi na mashine fulani ya mfano fulani, ajue lugha ya pale, awe na makala juu ya udongo wa bonde lile lile. Hayo mimi napita tu. Sina ushahidi, ni maoni yangu.

Utamu wa tovuti hii uko kwenye mstari ambao wengi wanauruka. Juu ya kila tangazo kuna jedwali: jina la taasisi, fani, ngazi, tarehe ya mwisho, aina ya mkataba, saa za kazi kwa wiki. Chini kidogo kuna swali kama kazi hiyo inalipwa na programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya. Ukiona jibu ni hapana, haina maana hakuna fedha, inaweza kuwa ya serikali yao. Lakini ukiona imetajwa programu, na mara nyingine namba ya mkataba wa ruzuku, hapo simama. Nakili ile namba, nenda CORDIS.

CORDIS ni hazina ya taarifa za miradi ya utafiti inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, nayo ni ya wazi kwa kila mtu. Weka namba, inakuja: mradi unaitwaje, umeanza lini, unaisha lini, fedha kiasi gani, washirika ni akina nani na kila mmoja kapewa ngapi. Hapo unaanza kusoma tangazo kwa macho mengine. Mradi wa miaka mitano ulioanza mwaka jana ni tofauti na ule uliobakiza miezi kumi na minne. Huo wa pili utakupa mkataba mfupi, utahama na familia, na kabla hujazoea baridi unaanza tena kutafuta. Mimi nina mtoto wa shule, jambo hilo kwangu si dogo.

Halafu kuna ruzuku za ERC, yaani Baraza la Utafiti la Ulaya. Hizi anapewa mtafiti mmoja kwa jina lake, si kundi la vyuo. Anayeanza anaweza kupata hadi yuro milioni 1.5 kwa miaka mitano, aliyekomaa hadi milioni 2, mkongwe hadi milioni 2.5. Fedha hiyo sehemu kubwa inaenda kwa watu: wanafunzi wa uzamivu na mapostdoki. Kwa hiyo ukikuta kwenye CORDIS mtu wa fani yako amesaini ERC na mradi unaanza miezi michache ijayo, umemkuta kabla hajatangaza. Wengine wote wanasubiri tangazo. Wewe unaandika barua.

Njia hii haiishii kwenye fedha za Umoja wa Ulaya. Uingereza wana Gateway to Research, Ujerumani kuna GEPRIS ya DFG, shirika lao la kufadhili utafiti, Marekani kuna utafutaji wa ruzuku wa NSF, mfuko wao wa sayansi, na ule wa NIH, taasisi zao za afya, unaoitwa RePORTER. Kote ni bure, kote unaona jina la mwenye fedha na tarehe. Nashangaa semina za vyuo vyetu zinafundisha kupamba wasifu saa nzima na hili halitajwi hata dakika tano.

Barua yangu iliyojibiwa ilikwenda kwa profesa wa Uholanzi niliyempata hivyo. Haikuwa ndefu. Kichwa chake kilikuwa jina la mradi wake mpya. Sentensi ya kwanza ilikwenda moja kwa moja kwenye jedwali la makala yao, ambapo walipima uwezo wa nyenzo yao kwa maji waliyoyachanganya wenyewe maabara. Nikamwambia maji ya visima vya Meru yana baikaboneti nyingi na pH iko juu, na vitu hivyo vinashusha unyonyaji wa floraidi. Nina data za visima halisi, nikaweka grafu moja. Sikuandika kwamba mimi ni mchapakazi. Sikumwita mheshimiwa wala sikumuulizia hali ya familia, ingawa kwa malezi yetu vidole vilikuwa vinawasha. Akajibu kwa mistari mitatu: hana nafasi leo, fedha zinaanza, tangazo litatoka, liangalie. Likatoka, EURAXESS na AcademicTransfer kwa pamoja, nikaomba kama wengine wote.

Nimeitaja AcademicTransfer, niisifie kidogo. Ni ya kazi za vyuo vya Uholanzi, na kwa usomaji ni safi kuliko EURAXESS. Tangazo linataja mshahara wa mwezi kabla ya kodi, kutoka kiasi gani hadi kiasi gani, na linakumbusha kuwa juu yake kuna posho ya likizo ya asilimia 8 na bonasi ya mwisho wa mwaka ya asilimia 8.3. Unaweza kukaa na mwenzako mezani mkapiga hesabu ya kodi ya nyumba kabla hujaomba. Ubaya wake ni udogo wa nchi. Wiki nyingine fani yako haina kitu kabisa.

Kwa Uingereza ni jobs.ac.uk, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Warwick tangu 1998. Iko wazi kuhusu mshahara na tarehe. Kumbuka huko cheo kinaitwa Research Associate, ukitafuta postdoki peke yake unakosa nusu ya kazi. Na kwa sisi wa uhandisi na kemia kuna cheti cha ATAS: tangu Mei 2021 watafiti wa nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, wanatakiwa kukipata kabla ya viza kama mada iko kwenye orodha yao ya mada nyeti. Maombi ni bure lakini yanakula wiki, na unatakiwa ueleze utafiti wako kwa undani. Uliza mwajiri mapema, siyo baada ya kuaga kazini.

Skandinavia nitapita haraka. Uswidi postdoki ni ajira ya miaka miwili hadi mitatu, na wanataka uzamivu wako usiwe umezidi miaka mitatu hadi tarehe ya mwisho ya maombi. Kwa akina mama: likizo ya uzazi inatolewa kwenye hesabu hiyo, itaje kwenye barua na tarehe zake. Norwe wanatumia tovuti ya Jobbnorge, na usishtuke ukiambiwa jina lako linaweza kuwekwa kwenye orodha ya waombaji inayosomwa na umma. Ndiyo sheria yao. Kama hutaki bosi wako wa sasa ajue, omba wasikutaje na utoe sababu, ingawa uamuzi ni wao.

Turudi EURAXESS, maana kuna upande wa pili ambao ni tofauti na kazi zilizotangazwa: matoleo ya uenyeji. Hapa profesa hasemi nina fedha. Anasema niko tayari kukupokea kama tutaandika pamoja ombi la ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie kwa mapostdoki. Ufadhili huo haubagui uraia. Sharti kubwa ni uhamaji: usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu kwenye nchi hiyo zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa mtu aliyesomea nyumbani, sharti hilo linampendelea. Kuna posho ya familia pia.

Ila nisikudanganye, foleni ni ndefu. Mwaka 2025 maombi yalipita 17,000, rekodi. Sehemu kuu ya ombi ni kurasa kumi, na alama zinagawanywa asilimia 50 kwa ubora wa sayansi, 30 kwa matokeo na 20 kwa utekelezaji. Watu wetu wanamwaga jasho kwenye sayansi na kuandika ile 20 usiku wa mwisho. Ukifikisha alama 85 na fedha zikaisha kabla yako, unapewa Muhuri wa Ubora, na baadhi ya nchi na mifuko inamfadhili mwenye muhuri huo. Ukichagua mwenyeji kwenye nchi kama Ureno, Polandi au Cheki, ambazo Umoja wa Ulaya unataka kuziinua kiutafiti, kuna dirisha la ziada la ufadhili huo huo, liitwalo ERA. Kwa hiyo usizidharau kwa sababu hujawahi kumsikia mjomba wa mtu anaishi huko.

Matoleo haya ya uenyeji yana kasoro moja ya kimaumbile: profesa anaweza kuweka tangazo na kupokea maombi mengi, akachagua mmoja au wawili wa kuandika nao. Mwandikie mapema, mwezi wa tatu au wa nne. Anayeandika mwezi wa nane anaandikia watu walio likizo.

Kabla sijasahau, habari ya mawakala. Nilipoanza kutafuta, mtu mmoja Dar alinipigia akisema kampuni yao inamuunganisha mwenye PhD na maprofesa wa nje, ada nusu sasa, nusu ukipata viza. Akanitumia orodha ya "nafasi za ndani". Nikachukua kichwa cha tangazo la kwanza nikaliweka kwenye utafutaji: liko wazi EURAXESS, na tarehe yake ya mwisho ilishapita. Nikamwambia, "Kaka, hili limefungwa." Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kwao bado liko wazi. Chuo cha kweli hakikutozi ada ya kuomba postdoki, wala hakikuombi pesa ya kushughulikia mkataba. Ukiombwa hela, funga simu.

Jambo jingine la kwetu ni wadhamini, yaani watu wa kukuandikia barua ya mapendekezo. Matangazo mengi yanataka majina mawili au matatu, na waajiri wengi wanataka anwani ya barua pepe ya kikazi ya mdhamini. Maprofesa wetu wengi wanaishi kwenye Yahoo na Gmail, ya chuo wameiacha imejaa tangu sijui lini. Mwendee Prof. ofisini na shikamoo yako, mweleze kwa adabu, msaidie kuifungua ile ya chuo, na umwachie karatasi yenye jina la mradi na tarehe. Nilifanya hivyo. Wangu alicheka sana, lakini barua ilitumwa kwa wakati.

Kwenye usaili wa ile kazi ya Uholanzi, uliofanyika kwa video, swali lililochukua muda halikuwa la fomula. Mama mmoja kwenye jopo aliuliza nyenzo ikishajaa floraidi tunaitupa wapi, na watu wanaipokeaje. Nikawaeleza habari ya mkaa wa mifupa wa kunyonya floraidi, ambao umefanyiwa kazi miaka mingi pale Ngurdoto, Arusha: unafanya kazi, ni rahisi kutengeneza, lakini wapo wanaouliza mifupa ni ya mnyama gani kabla hawajakinga kikombe. Nikaona wameacha kuandika, wananisikiliza. Nafikiri kazi niliipatia hapo.

Kama fani yako si ya maji, EURAXESS isiwe kituo chako cha kwanza. Wanahisabati wana MathJobs, wanafizikia wengi wako AcademicJobsOnline, wa chembe ndogo wana ukurasa wa kazi wa INSPIRE, wa nyota wana rejista ya kazi ya chama cha wanaastronomia cha Marekani. Mwanafizikia wa Afrika Mashariki aiangalie pia ICTP ya Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoanzishwa na mwanafizikia Abdus Salam 1964, pamoja na tawi lake la Kigali. Kwa Japani kuna JSPS, shirika lao la kukuza sayansi, yenye posho ya yeni 362,000 kwa mwezi, ila maombi yanapita kwa mwenyeji wako wa kule, kwa hiyo ni barua kwanza tena. Na kwa wa kuondoa chumvi majini, chuo kikuu cha KAUST cha Saudia, pale Thuwal kando ya Bahari ya Shamu, kina kituo kizima cha kazi hiyo.

EURAXESS naipa saba kwa kumi. Mbili nimezikata kwa matangazo yasiyofanana na moja kwa utafutaji wa maneno. Ukifungua akaunti, weka arifa za R2 na fani yako. Na angalia saa. Dirisha la Marie Curie kwa kawaida hufungwa Septemba, saa 11 jioni ya Brussels, ambayo kwetu ni saa 12 jioni. Majira yao ya baridi yakianza mwishoni mwa Oktoba, tofauti inakuwa saa mbili, na tangazo la Novemba linalofungwa saa sita usiku kwao kwetu litakuwa saa nane usiku. Chaji kompyuta mchana, TANESCO wakikata usiku uwe bado una betri.